Wenzetu wa Ndege Wakinyolewa, Sisi wa Reli Tutie Maji



Twaandika haya tukiwa likizo, nyumbani kwetu Macalder. Asiyeijua Macalder na apande matatu pale Kisumu, apite Kisii, Rongo na Migori, kisha ashike njia ya Masara kuelekea ziwani. Reli haijapata kufika huku. Gari la moshi lilifika Kisumu mwaka 1901, likasimama pale, na watu wa Nyanza ya Kusini mpaka leo hulisikia kwa masimulizi. Hata sisi tunaotengeneza njia ya wengine, tukiitwa nyumbani kwa mazishi twabanwa wanne wanne kwenye kiti cha watu watatu.

Basi siku ya pili ya likizo tuliketi kwenye kibanda cha chai, karibu na vijana wanaosaga mawe ya dhahabu, na maneno yakaingia juu ya wafanyakazi wa viwanja vya ndege. Mwenzetu mmoja wa reli (hatumtaji, mwenyewe anajijua) akaweka kikombe chini akasema: "Wale ni watu wa tai. Walipogoma mwaka 2024 mimi nilicheka. Sijapanda ndege, mama yangu hajapanda, na mtoto wangu sidhani. Kiwanja kikiuzwa, kiuzwe. Ni shauri ya wenyewe."

Watu wakacheka, na sisi tukacheka, maana ndugu huyu anajua kusema. Lakini usiku usingizi haukuja. Maneno hayo hayo tumeyasikia Kisumu kwenye karakana, na Nakuru, na Nairobi, tena vinywani mwa watu waliolipa ada ya chama miaka kumi. Twasema wazi kwamba ni maneno mabaya, na anayeyafurahia ni mwajiri peke yake.

Hao "wenyewe" ni nani? Tuanze hapo.

Eropleni, kama wazee wetu wanavyoiita, haikuanza kwa watu wa tai wa Nairobi. Sisi watu wa ziwa tuliiona mapema. Mwaka 1931 kampuni ya Waingereza, Imperial Airways, ilifungua njia ya kutoka London kuja Afrika, na ndege zake za kutua majini zikawa zinashuka Kisumu, kwenye maji yale yale ambamo babu zetu walikuwa wakitega ngege. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za namna hiyo, zikitoka Kisumu kwenda Mombasa, na kushuka na pwani mpaka Durban. Abiria walikuwa wachache mno, na barua ndizo zilizotakiwa zifike. Je, nauli ya wale wachache iliweza kuendesha safari ndefu hivyo? Haikuweza. Serikali ya Uingereza ililipa ruzuku, maana ilitaka barua zake na wakubwa wake wafike upesi katika makoloni. Tangu siku ya kwanza, basi, ndege imeruka kwa fedha za umma. Jambo hili tulishike sana, kwa sababu wanaotuambia leo kwamba ndege ni biashara ya watu binafsi wamesahau nani alimnyonyesha mtoto.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, likaundwa shirika la East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kenya ndiyo iliyotoa sehemu kubwa kuliko wote. Lilianza na vindege vidogo vya De Havilland, vyenye mabawa juu na mabawa chini. Mwaka 1960 likawa na Comet, ndege ya jeti, na mwaka 1966 likapata Super VC10. Kazi ya miaka ishirini tu! Na fedha zilitoka wapi? Serikali hailimi shamba wala haifugi. Fedha zake ni kodi, na kodi ile ilitozwa mtu wa Nyatike ambaye hakujua hata mlango wa ndege uko upande gani.

Hayo ni ya mfuko. Tuje kwenye mikono. Kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958, na tangu 1978 chaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Kilijengwa na wafungwa na mahabusu wa siku za Hali ya Hatari. Watu waliokamatwa kwa ajili ya kudai ardhi yao waliamriwa kuisawazisha ardhi ile kwa majembe, ili ndege za wengine zitue salama. Ndugu wa kibanda cha chai, hao nao hawakupanda ndege. Je, mtu akikuambia kile kiwanja hakiwahusu, utamkubalia?

Kuna tena jambo ambalo vijana wa reli hawalijui, nasi tulilipata kwa wazee wastaafu. Reli na ndege zililelewa nyumba moja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 ulikuwa na mashirika manne, yaani reli, bandari, posta na simu, na ndege. Shirika la reli lilikuwa na makao Nairobi, na la ndege vilevile Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kisu kimoja kilikata wote. East African Airways ikasimama mwanzoni mwa mwaka ule, Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na reli ikagawanywa vipande vitatu kama mkate. Huko Tanzania wazee wa Jumuiya walidai haki zao kwa miaka mingi sana, wengine wakaandamana Dar es Salaam na mikongojo mkononi. Hakuna aliyewauliza nani alikuwa wa tai na nani alikuwa wa nyundo.

Sasa tufike kwenye shina la maneno yetu, yaani kukodisha na kuuza.

Ndege walitangulia. Mwaka 1996 kampuni ya Uholanzi, KLM, ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na hisa nyingine zikauzwa kwa watu kwenye soko la Nairobi. Hatutasema uongo, kwa miaka kadhaa shirika lilipata faida na jina zuri. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2012 wafanyakazi zaidi ya 400 waliambiwa kazi yao imekwisha, kesi ikazunguka mahakamani. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2015 hasara ilifika shilingi bilioni 25.7. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa, na serikali, maana yake mimi na wewe, ikajikuta imeshika karibu nusu ya shirika, na juu ya hilo ikajitia dhamana ya mikopo. Hasara ya mwaka 2022 ilikuwa bilioni 38.3. Mwaka 2024 ilikuja faida ya bilioni 5.4, watu wakapiga makofi, na nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ikaleta hasara ya bilioni 12.2. Angalieni mwendo wa fedha hizi. Faida ilipokuwako iliitwa ya wenye hisa. Hasara ilipokuja ikapewa jina la fahari ya taifa, ikaletwa kwenye Hazina.

Reli tukafuata. Mwezi wa Novemba 2006 njia yetu ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Kabla mgeni hajaingia, wazee wetu maelfu walikuwa wameshaandikiwa barua za kuagwa, maana nyumba hupunguzwa watu ili mpangaji aipende. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, hata miaka 11 haijatimia. Walioagwa hawakurudishwa, na umri wao pia haukurudi. Hii ndiyo elimu tuliyo nayo sisi watu wa reli, nayo tuliinunua kwa bei. Hatukuisoma chuoni. Wengi wetu tulikomea shule ya msingi ya misheni. Lakini neno "kukodisha" twaweza kulieleza kwa profesa yeyote.

Basi mwaka 2024 lilipotoka neno kwamba kampuni ya Adani ya Bara Hindi imeleta mpango wa kupewa kiwanja cha Jomo Kenyatta kwa miaka 30, ili iweke dola bilioni 1.85, sisi wa reli ndio tuliopasa kuwa wa kwanza kupiga kelele. Tulikuwa wapi? Wengine walikuwa wakicheka, kama ndugu yetu alivyokiri mwenyewe.

Wafanyakazi wa kiwanja waligoma tarehe 11 Septemba 2024. Abiria wakakaa chini na masanduku yao, ndege zikasimama, na kabla ya usiku kuingia serikali ikatia sahihi na kukubali kuwapa karatasi za mpango wazisome. Fikirini jambo hilo. Kiwanja cha taifa zima, na ilihitaji mgomo ili watu wanaokifagia na kukilinda waonyeshwe karatasi! Siku chache kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeuzuia mpango kwa muda, kwa ombi la mawakili na watetezi wa haki. Kisha tarehe 21 Novemba Rais akaufuta mbele ya Bunge, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka ya hongo juu ya mkuu wa kampuni hiyo, mashtaka ambayo kampuni iliyakana.

Wako wanaosema, "Mnaona? Mgomo haukufanya kitu, ni Wamarekani waliotuokoa." Hesabu hiyo ni mbovu. Kutoka Septemba hadi Novemba ni wiki kumi. Kama wafanyakazi wangenyamaza na mawakili wangenyamaza, sahihi ingekuwa imekauka kabla Mmarekani hajafungua kinywa. Walichonunua wale wenzetu kwa siku moja ya mgomo ni wakati. Tena walijua gharama yake, maana tarehe 6 Machi 2019, walipogoma kupinga mpango wa kukabidhi kiwanja hicho hicho kwa Kenya Airways, walipigwa mabomu ya machozi, kiongozi wao akakamatwa, na askari wa jeshi la anga wakaletwa kufanya kazi zao za ukaguzi. Mtu aliyekwisha kuonja moshi huo, na bado akarudi miaka mitano baadaye, mwite jina lolote. Mtu wa tai si jina lake.

Turudi Macalder kidogo. Pale kwenye kibanda alikuwapo Jaduong' mmoja, kimya, akitafuna mkate polepole kwa sababu ya meno. Ujanani alifanya kazi katika mgodi wa shaba na dhahabu wa hapa, uliofungwa mwaka 1966. Mwenzetu alipomaliza mzaha wake, mzee akauliza, "Hicho kiwanja wanataka kukikodi kwa sababu gani?" Tukamwambia, ati paa linavuja. Akasema, "Mpangaji haezeki paa. Huweka sufuria chini ya tundu, na siku ya kuhama huenda na sufuria." Kisha akaelekeza kidole nje, kule ambako wajukuu wake wanafua mchanga wa zamani kwa zebaki mikono mitupu, kutafuta chembe zilizosahauliwa. Hatukuwa na la kuongeza. Shaba ilipoacha kulipa, wenye mgodi walikuwa na mahali pa kwenda. Mashimo hayakuwa na mahali pa kwenda.

Na ni kweli, paa la Embakasi linajulikana kwa kuvuja. Mwaka 2024 nchi nzima iliona maji yakimwagika ndani, na mwaka 2023 taa zilizimika wageni wakabaki gizani. Aibu hiyo hatuitetei. Lakini Esau naye alikuwa na njaa ya kweli, na njaa yake haikufanya haki ya mzaliwa wa kwanza iwe na bei ya sahani ya dengu. Miaka 30! Mtoto anayezaliwa leo angekuwa baba wa watoto kabla hatujapewa ufunguo wetu.

Tena tunaambiwa serikali haiwezi biashara ya ndege, kwa kuwa serikali ni wezi. Wezi wapo, hilo hatubishi, na mahali pao ni gerezani. Mtu akiibiwa kuku na mlinzi wake humfukuza mlinzi, haendi kumkodisha jirani boma. Tazameni Uhabeshi. Ethiopian Airlines ilianza kuruka mwaka 1946, mwaka ule ule wa East African Airways yetu. Yetu ilikufa 1977. Ile imepita utawala wa mfalme, na wa wanajeshi, na vita na njaa, imebaki mali ya serikali, na imekuwa kubwa kuliko shirika lolote la ndege la Afrika. Hatusemi kwamba huko mfanyakazi ana raha, wala kwamba anaweza kusimama akasema kama sisi tunavyosema hapa. Twasema tu kwamba hadithi ya "serikali haiwezi" ina jirani anayeikanusha kila siku juu ya vichwa vyetu.

Sasa tumpe ndugu yetu haki yake, maana ana haki katika sehemu moja. Hajapanda ndege, na si kosa lake. Kiwanja cha Kisumu kilipanuliwa kikazinduliwa mwaka 2012, na kutoka Nairobi ni chini ya saa moja angani. Tangu Jambojet ianze mwaka 2014 na kushusha nauli, hata vijana wetu wengine wamepanda, wakatuletea picha za dirishani. Lakini kwa mtu wa Macalder, kushuka Kisumu ni kuanza safari. Kuna viwanja vidogo, Kabunde huko Homa Bay na Lichota huko Migori, na kila ukikaribia uchaguzi, au mazishi ya mtu mkubwa, angani hujaa. Wanashuka, wanahutubia, wanaruka kabla ya mvua ya jioni. Mama mwenye uchungu wa uzazi hubebwa kwa bodaboda.

Na hapa tuna la kuwasuta wakubwa wa reli pia, tusiwaonee wa ndege peke yao. Zamani meli za reli zilipita ziwani, zikitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, mpaka Karungu, ambako kutoka Macalder si mbali. Mtu alikata tiketi na kupakia samaki wake na magunia yake. Meli zile ziliondolewa bila kelele, wala hakuna aliyegoma, kwa sababu abiria wa meli hana chama na sisi tulikuwa tukiangalia mambo yetu. Treni ya abiria ya Kisumu nayo ilikatwa kwa miaka kadhaa, ikarudi Desemba 2021. Tulinyamaza ilipokatwa pia. Huu ndio ugonjwa wenyewe. Wa meli waliponyolewa, wa treni hatukutia maji. Wa treni tuliponyolewa, wa ndege hawakutia. Mwenye wembe ni mmoja, naye hana haraka, huita mmoja mmoja.

Kwa hiyo ndugu yetu akilalamika kwamba ndege haimfikishi mama yake hospitalini, twasimama naye. Lakini amekosea adui. Yule binti anayekagua mizigo Embakasi usiku kucha, na yule kijana anayepakia masanduku kwenye tumbo la ndege, nao hawapandi. Wanaishi Pipeline na Mukuru, wanaamka saa tisa usiku, wanalipa kodi ya nyumba kama sisi. Wakifukuzwa ili mpangaji apendezwe, nauli ya mama wa Macalder haitashuka hata senti moja. Kiwanja kikibaki mali ya umma, angalau tunaye Mbunge wa kumshika shati na kumwuliza kwa nini fedha zake hazileti meli Karungu wala gari la wagonjwa Macalder. Kikiwa cha kampuni, tutamshika shati nani? Ofisi yenyewe iko ng'ambo.

Basi tunaleta azimio kwenye mkutano wa tawi, Kisumu, na tumeliandika kwa mkono wetu. Chama chetu kiwaandikie barua wafanyakazi wa viwanja vya ndege, kuwaambia kwamba karatasi yoyote ya kukodisha kiwanja ikitokea tena, iletwe kwetu nayo tuisome pamoja, kwa sababu karatasi za namna hiyo tunazijua vifungu vyake. Wakigoma, tuchange. Shilingi mia moja kwa mtu, na atakayeweza zaidi atoe zaidi. Nasi tuwaombe, wakati wakubwa wa reli watakapokaa mezani na mgeni mwingine, waje stesheni kusimama na sisi, na tai zao kama wanazo. Na neno la meli za ziwa liingie katika madai ya mwaka huu, liandikwe kwa majina ya bandari, Kendu Bay, Homa Bay, Karungu, wasije wakasema hawakuelewa.

Yule ndugu wa kibanda cha chai tumemwambia tunaandika, akasema atakuja kupinga. Aje. Kiti chake tumekiweka mstari wa mbele, na chai ya siku hiyo tutalipa sisi.